Swali la Pili Ambalo Sikukuuliza

Kwa mwanangu Ramadhani,

Salamu sikuandikii. Asubuhi umenisalimu vizuri kama mtoto aliyelelewa, na mchana umeondoka humu ndani bila kuaga, ukaubamiza mlango mpaka picha ya marehemu baba yako ikapinda ukutani. Nimeinyoosha. Sasa hivi uko kwa bibi yako, unakula ugali wake wa muhogo na kumweleza ubaya wangu, naye anaitikia kila neno, maana mama mkwe wangu namjua. Haya, kula. Mimi nina meza, nina karatasi, na jua bado liko. Nataka nimalize kabla ya giza kwa sababu umeme umekatika tena.

Mambo ya begi, ya soksi, ya kutokunywa maji ya ziwa bila kuchemsha, sitayaandika. Kesho barabara ikifunguliwa utakwenda Gatumba mpakani, utavuka kuingia Zaire, na Uvira utapanda boti ya Kigoma. Huko mama yako mdogo Zaituni atakupokea na kukuambia hayo yote mpaka masikio yakuume. Mdogo wangu huyo Mungu hakumnyima maneno.

Utaona kwamba barua hii haina fomula hata moja. Usifikiri nimezisahau. Unamkumbuka yule kijana wa darasa lenu aliyevuliwa shati kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, kwa sababu ya daftari la kemia. Askari aliona herufi kubwa na namba ndogo chini yake, akasema hizi ni siri za vita, tueleze maana yake. Yule mtoto masikini akaanza kueleza! Akapigwa kofi kwa kila elementi aliyoitaja. Tulicheka sana hapa nyumbani siku aliyotusimulia, na yeye mwenyewe akacheka, shavu limevimba. Mimi usiku ule sikulala. Basi nimeandika kwa maneno matupu. Akiifungua mtu ataona mama anamwandikia mtoto wake mambo ya sufuria na chupa, ataichoka, atakurudishia.

Na kuna sababu nyingine. Yule mwalimu wa chuo, rafiki ya Zaituni, Kifaransa hajui, na wewe Kiingereza hujui. Amekubali kukusikiliza kwa Kiswahili, kwa mdomo, mambo ya mwaka wa kwanza. Ukimridhisha, chuo kinakuandikia karatasi ya kukaa kule kama mwanafunzi. Usipomridhisha hakuna karatasi, na kijana asiye na karatasi kule ni kambini kwa wakimbizi au ni kurudi huku. Huku unajua vijana wa umri wako wanavyokwisha. Sina haja ya kukutajia majina, wengine umewabeba mwenyewe mabegani mpaka makaburini.

Ndiyo maana leo mchana nimefungua mdomo. Wakati nimeuchagua vibaya, nakubali, mtu haambiwi jambo kama lile akiwa na tonge mkononi. Nimesema, "Rama, ile kumi na nne ya mtihani niliyokupa haikuwa kumi na nne."

Ukacheka. "Ilikuwa ngapi basi, mama? Kumi na sita?"

"Sijui ilikuwa ngapi. Sikukuuliza swali la pili."

Ukaacha kula. "Kwa hiyo mi sijui kitu."

"Sikusema hivyo."

"Apana, umesema. Umengoja mutu anaondoka kesho, ndiyo unamwambia kichwa chake kiko bure. Basi iko rahisi. Nikifeli nitarudi, utanipa pointi zingine."

Halafu mlango. Neno lile la mwisho halijanitoka, na chakula chako nimekifunika, hakuna aliyekigusa. Nitalirudia mwishoni. Kwanza nikueleze habari ya swali la pili, kwa sababu tangu uzaliwe unaishi na mwalimu wa kemia na hujawahi kuniuliza kazi yangu inafanywaje.

Unajua wanafunzi walikuwa wananiita Madamu Zero. Unajua pia nilikuwa nalipenda jina hilo, ingawa nilijifanya silisikii. Kabla ya vita nilikuwa mkali kama pilipili. Mtihani wa mdomo wa mwaka wa kwanza ulikuwa hivi: mwanafunzi anaingia, anaokota kikaratasi mezani, anasoma swali, anapewa muda mbele ya ubao, anaeleza. Anaeleza vizuri sana, kwa Kifaransa kilichonyooka, maneno yote ya kitabu bila kuacha nukta. Hilo ni swali la kwanza na mimi sikuwa nalisikiliza hata kidogo, nilikuwa nakunywa chai. Akimaliza naweka kikombe chini. Hapo namuuliza swali la pili, nalo halimo kwenye karatasi yoyote. Namuuliza kwa maneno ya nyumbani. Ameniambia uzito haupotei? Namuuliza: nikichoma gazeti hili hapa, majivu yake ni mepesi kuliko gazeti, uzito mwingine umekwenda wapi? Basi utaona mtu anageuka kuangalia dirisha. Mara nyingi aliyesoma kitabu chote hakuwa na jibu, na aliyekuwa anababaika ndiye aliyekaa akafikiri akasema, moshi, madamu, tuupime na moshi. Huyo nampa kumi na sita juu ya ishirini. Yule wa kitabu, saba.

Mimi mwenyewe nilipitia hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa msichana peke yangu kutoka mtaa wetu wa Buyenzi, nimejifunga mtandio, na mzee aliyenitahini aliniuliza swali lake la pili nikalia. Hakunipa pointi. Aliniambia nenda ukale, urudi baada ya chakula. Nikarudi na jibu. Miaka mingi nilifikiri mzee yule alikuwa mkali. Nimekuja kuelewa juzijuzi tu kwamba sijapata kuhurumiwa vile na mwalimu mwingine.

Halafu vita ikaja, nayo ina swali moja tu inalouliza watu: wewe ni wa nani? Na jibu lolote ni kosa. Walimu wenzangu wa kemia mmoja alikimbilia Ulaya, mwingine hatujui aliko, nikabaki mimi, Mswahili wa Buyenzi, asiye wa kabila hili wala lile. Wanafunzi wa huku na wa kule wote walinikubali kwa sababu hawakujua wanichukie kwa lipi.

Baba yako alipouawa kwenye barabara ya kupanda Bugarama, na mzigo wake wa vitenge ukachukuliwa, chuo kilikuja kunipa pole na kuniomba nitoke nikatahini. Wasingefanya mtihani, mwaka wote ungefutwa. Nilikuwa bado ndani ya eda. Bibi yako alisimama pale uani akashika kichwa: "Mwanamuke wa eda anaenda kuuliza watoto ya watu mambo ya asidi! Hiyo asidi itamurudishia mume?" Hata sheikh alisema ikiwa ni dharura ya mchana inaruhusiwa, lakini bibi yako hakusema nami mpaka eda ikaisha. Nilikwenda na nguo zangu za eda. Wanafunzi waliponiona wakasimama wote, na nikajua tayari mtihani ule umeharibika.

Wa kwanza kuingia alikuwa Fidele. Umepata kumwona, yule mrefu aliyekuwa akipenda kubishana. Aliingia viatu vyake amevishika mkononi, kwa sababu amekimbia, barabara ya kwao ilikuwa na risasi asubuhi ile. Akaokota karatasi. Akasimama mbele ya ubao na chaki ikawa inagonga ubao yenyewe, tk tk tk, hakuna anachoandika. Nikamwambia, "Fidele, anza popote." Akasema, "Madamu, jana tulizika kaka yangu mukubwa. Mi nimekuja tu." Nikamtazama, na yeye akanitazama na nguo zangu. Nikaandika kumi. Nikamwambia nenda.

Ile kumi ya Fidele siijutii. Nisikie vizuri. Ningeweza kumwambia kama mzee wangu, nenda ukale urudi, au rudi kesho. Lakini kesho ilikuwa na barabara ileile. Huruma yangu ningeitia kwenye muda, nilikuwa najua hivyo, ila muda haukuwa wangu kuutoa. Fidele hakuishi mwaka mwingine. Kumi yake alikwenda nayo, na kama Mungu ataniuliza juu ya hiyo nitajibu bila kuangalia dirisha.

Ninayoyajutia ni mengine yaliyofuata. Baada ya Fidele akaingia msichana ambaye hajazika mtu na hajakimbia popote, amevaa vizuri, hajasoma tu. Nikampa kumi na moja. Nilikuwa nimechoka, na nikiinua macho naona wale ambao hawakuja, wale ambao wangekuwa kwenye mstari nje. Nikasema moyoni, waliobaki hai wapite. Nani ataandika sifuri kwa mtoto aliyefika tu? Na mwaka uliofuata nikafanya hivyohivyo, na sasa sikuwa tena na eda ya kusingizia. Kikombe cha chai sikukiweka chini tena. Swali la pili likafa, nami sikulifanyia matanga.

Mwaka huo ndio ulioingia wewe.

Mtoto hatahiniwi na mama yake, hilo kila mtu anajua, lakini hakukuwa na mwingine. Ukaokota karatasi, ukapata swali la msawazo, ukaeleza. Lo, ulieleza! Umesimama kama baba yako akipanga bei, kidevu juu, Kifaransa kinateremka kama maji ya bomba. Kasi ya kwenda ni sawa na kasi ya kurudi, kiasi hakibadiliki, ukaandika mishale yako miwili ubaoni, mmoja unaelekea huku mwingine kule. Ukageuka ukanitazama. Swali la pili nilikuwa nalo mdomoni: nikikuletea chupa iliyofungwa, yenye maji nusu, imekaa mezani tangu jana, ndani yake kuna kinachoendelea? Nilijua utasema hakuna, imetulia. Mwalimu anajua. Kuna namna mtu anavyolitamka neno alilolikariri, haliachi nafasi baada yake. Nilijua utaanguka, na nikaona yale masikio ya baba yako mekundu kwa joto, nikafunga mdomo. Kumi na nne. Nikarudi nyumbani nikapika pilau, bibi yako akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nilikula pilau ile na wewe, mwanangu, na ilikuwa tamu.

Aliyenizindua ni Espérance. Nilimpitisha kwa kumi na mbili, akapata kazi ya kufundisha shule moja huko Ngagara. Mchana mmoja akanijia hapa na daftari amelificha ndani ya kitenge kama mtu aliyeiba. Mwanafunzi wake alikuwa amemuuliza: moli moja ya chuma na moli moja ya makaa, ipi ina atomu nyingi? Akajibu chuma, kwa sababu ni kizito. Mtoto akasema, lakini mwalimu, kitabu kinasema sawa. Darasa zima likamcheka. Nikamweleza kwamba moli ni hesabu, kama tunavyosema dazani: dazani ya mayai na dazani ya maembe ni kumi na mbili vilevile, kinachotofautiana ni mzigo utakaobeba kichwani. Akaelewa pale pale, msichana ana akili. Halafu akaanza kulia. Nikamwambia, si kitu, umeshaelewa. Akasema, "Madamu, ulinipa kumi na mbili. Mi niliamini."

Hata hivyo nilijidanganya kwamba wewe ni tofauti, umekulia mikononi mwangu. Mpaka wiki iliyopita. Umesimama jikoni unanimenyea viazi, maji ya chai yanachemka. Nikakuuliza kwa mzaha, "Rama, hayo mapovu, ndani yake kuna nini?"

Hukuinua hata kichwa. "Aidrojeni na oksijeni, mama. Maji si ndiyo hiyo?"

Nikasema eeh, nikatoka kwenda kuanua nguo. Nguo hazikuwa zimekauka. Nilianua hivyohivyo zikiwa zinachuruzika, nikazikumbatia, nikalia humo ndani ya mashuka yako.

Si jibu la kijinga, usione haya. Wanajibu hivyo hata watu wenye shahada. Ukishakaririshwa kwamba maji ni aidrojeni na oksijeni, basi ukiona maji yanatoa kitu unafikiri yanatoa hizo. Lakini jiulize wewe mwenyewe, kwa Kiswahili: moto wa mkaa wa jiko la mama una nguvu ya kuvunja maji? Aidrojeni na oksijeni zikikutana na moto zinalipuka. Kama mapovu yangekuwa hayo, kila mama wa Buyenzi anayeinjika chai angelipua nyumba, na milipuko tuliyonayo inatutosha. Ndani ya povu kuna maji, mwanangu. Maji yaleyale yaliyoachana, kila chembe imekwenda kivyake, lakini chembe yenyewe nzima, haijavunjika. Na vile vipovu vidogo vinavyoshika kando ya sufuria mapema, kabla maji hayajachemka, hivyo ni hewa iliyokuwa imejificha ndani ya maji. Mwalimu akikuuliza la kwanza ukajibu, atakuuliza na hili la pili. Ningekuwa mimi ningeuliza.

Nilijaribu kukufundisha siku zilizobaki. Kila nikianza ulisema, "Mama, kemia naijua, wewe mwenyewe ulinipa kumi na nne." Ulisema kwa kunibembeleza, ili nisihangaike. Hukujua unanichoma.

Sasa ile chupa. Imefungwa, maji nusu, haipungui, haiongezeki. Mtu akiitazama anasema imelala. Haijalala. Kila wakati chembe za maji zinaruka kwenda juu kuwa mvuke, na kila wakati za mvuke zinaanguka kuwa maji, na kwa sababu wanaoondoka ni wengi sawa na wanaorudi, wewe unaona chupa tu. Huo ndio msawazo. Ukitaka kuuona kwa macho, utazame mtaa wetu. Tangu vita ianze, nyumba za Buyenzi zimejaa vilevile, foleni ya bomba ni ndefu vilevile. Mgeni akipita anasema hapa watu hawakuhama. Lakini sisi tunajua nani alikuwa anakaa nyumba ya kona na nani anakaa sasa. Walioondoka wameondoka, waliokimbia kwao wameingia, na ukihesabu, hesabu inatoka sawa. Hesabu kutoka sawa haina maana kwamba hakuna kilichotokea. Ukishalielewa hilo, mishale yako miwili itakuwa na maana, na hutahitaji kuikariri.

Ila nikuonye juu ya kitu kimoja. Kemia usiifanye dini. Nilipofiwa, mtu mmoja msomi alikuja kunifariji hapa barazani, akaniambia, "Madamu, wewe mtu wa sayansi unajua hakuna kinachopotea, kinabadilika tu." Nilimwambia atomu hazipotei, mume wangu amepotea, na nikamwomba amalizie chai yake aende kwake. Kwenye mzani, ndiyo, kila kitu kipo. Kwenye kitanda changu hakipo. Ukiwa kule peke yako na uchungu ukikushika, usiupake maneno ya darasani. Lia kama watu wengine wanavyolia.

Mwalimu akikuuliza jambo hulijui, sema hujui. Mdomo wako hautapenda, najua, umezoea kujaza. Sema, "Sijui, lakini niache nifikiri." Kwa Kifaransa ungeweza kujificha, kina vichaka vingi na mimi mwenyewe ndiye niliyevimwagilia maji. Kwa Kiswahili utasimama kweupe. Usiogope kusimama hapo. Mimi niliyekupa kumi na nne nakuambia una akili kuliko hiyo kumi na nne, hujawahi kupewa nafasi ya kuitumia, kwa sababu kila ulipotaka kuanguka mama yako alitandika godoro.

Jua linaondoka, siioni mistari vizuri. Nirudi kwenye lile neno lako.

Umesema ukifeli utarudi. Umelisema kwa hasira, lakini najua ni mpango wako hata usipokasirika. Nilikusikia juzi ukimwambia bibi yako, "Nikishindwa nitarudi tu, mama asibaki pekee." Nilifurahi, Rama. Nisikufiche. Nilisimama nyuma ya mlango na nikafurahi kama mjinga, na kwa siku nzima nikawa naomba Mungu ushinde huku moyo mwingine unaomba ushindwe.

Basi sikiliza. Ukifeli, usirudi. Ukimjibu mwalimu ovyo, wakikucheka, wakikunyima karatasi, nenda kambini ukapange foleni ya mahindi na wenzako, ufue nguo za watu Kigoma, ubebe mizigo, uwe mtu asiyejua mapovu yana nini mpaka anazeeka. Sitaona haya. Nimewapitisha watoto wengi ambao sasa nawasomea Fatiha au nawawekea mshumaa kanisani kwa mkono wa mama zao. Wewe feli, uwe hai. Hilo tu ninalolitaka kwako, na sijawahi kumwambia mwanafunzi neno kama hilo tangu nishike chaki.

Na jambo la mwisho ni gumu zaidi, ndiyo nimeliacha mpaka mwanga umekwisha. Itafika siku nitakuandikia kwamba hapa pametulia. Nitakuandikia kwamba bariyeri zimeondolewa, kwamba chumba chako nimekipaka chokaa, kwamba nina homa kidogo na ningependa kukuona. Mwandiko utakuwa wangu, na maneno yatakuwa matamu, maana ninajijua nikizidiwa. Hiyo barua, mwanangu, usiiamini. Muulize kwanza mtu mwingine aliyetoka huku, asiyekupenda.

Mama yako,
Mariamu